Gari Lililopinda Katikati

Alhamisi, 3 Februari 1966

Uji. Dawa. Kumgeuza Juma. Duka nimelifungua kwa kuchelewa, mteja wa kanga alishaondoka.

Joto kali. Plasta inamwasha Juma kifuani na mgongoni, na hakuna mkono unaofika huko ndani. Nimempitishia kijiti chembamba, nikamkuna. Akashukuru kwa kichwa.

Kesho ni hospitali. Haipendi siku hiyo. Mimi pia siipendi.

Ijumaa, 4 Februari

Siku mbaya.

Asubuhi tulimteremsha garini kwa ubao, mimi na shemeji yangu Rama, mdogo wake Juma. Kutokea juu, turubai likiwa limekunjwa. Tangu lori limpindukie mwaka jana hawezi kukunja kiuno. Basi haingii, teksi haingii. Hili gari kuukuu lisilo na paa ndilo pekee linaloweza kumpokea akiwa amelala. Alilinunua kwa mzungu wa kiwanda cha pamba aliyehama, akisema litabeba maharusi. Maharusi hawakuja. Linambeba yeye.

Barabara imekauka, imejaa mikunjo. Gari zima linatetemeka. Kioo cha mbele kinacheza upande huu, viti upande ule. Tulipopita Adungosi mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Rama aliukamata ubao kutoka nyuma. Juma alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha akazimia.

Daktari wa misheni, kule mbele ya Malaba, anasema mfupa wa mgongo unaunga. Plasta itatolewa tarehe 25. Kabla ya hapo asitikiswe hata kidogo. Kisha akaniuliza: "Mama, umemleta kwa gari gani?"

Kurudi Busia nilienda mwendo wa ng'ombe, na bado alikuwa ameuma kitambaa njia nzima.

Jumapili, 6 Februari

Juma anasema gari liuzwe. Haendi tena popote. Plasta ibaki, azikwe nayo.

Rama anasema ataleta lori lake la pamba, tuweke godoro nyuma. Juma kusikia neno lori, jasho likamtoka. Rama hakuona. Mimi niliona.

Nikamwambia Juma gari litatengenezwa. Angeweza kugeuka angenipa mgongo. Hawezi, kwa hiyo alifumba macho.

Nimemchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Februari

Nimelipeleka gari kwa Ekisa, fundi wa kabila la Wateso mwenye gereji nyuma ya soko. Hana haraka na hana maneno mengi. Alitia jeki chini ya pua ya gari, akapandisha, akaniambia nifungue mlango. Haukufunguka. Ulikuwa umebanwa juu. Akashusha jeki, mlango ukafunguka.

"Umeona, mama? Hii gari ni kama sanduku haina kifuniko. Ukiinua huku, inapinda katikati. Paa ndio ingeshika, na paa hakuna."

Nikamuuliza kama inatibika. Akasema kutetemeka kote hakutaisha. Kunaweza kupungua sana. Nikasema kupungue kabla ya tarehe 25.

Jumanne, 8 Februari

Ekisa alitaka kujua mtikisiko unamfikia mgonjwa wapi. Hakuna wa kumwambia ila Juma, na Juma hasemi. Basi nikalala mimi, mahali pake, juu ya ubao wake. Ekisa akaendesha kuelekea Bukhayo.

Sikufika mbali. Mtikisiko ulikuja kutoka chini ya mlango, ukapanda ubaoni, ukanigonga uti wa mgongo kama nyundo, bila kupumzika. Nilimwambia asimame. Mimi sina mfupa uliovunjika.

Miezi yote hii nilikuwa mbele nimeshika usukani, namwambia vumilia.

Ijumaa, 11 Februari

Mipira kati ya bodi na chasisi, fremu ya chini, ilikuwa imekuwa unga. Ekisa amekata mipya kutoka tairi la lori, amekaza kila boliti. Milango haigongi tena kama sufuria. Kioo cha mbele bado kinacheza.

Nafuu kidogo. Haitoshi.

Jumatatu, 14 Februari

Ekisa amepata vyuma vizito, chasisi ya lori lililokufa. Nikauliza kwanza ni lori gani. Si lile la Juma. Alhamdulillahi. Atavichomelea chini ya milango, kila upande. Ameliinua gari juu ya magogo, mbele na nyuma, apate nafasi ya kulala chini na moto wake wa gesi.

Juma hajauliza chochote. Anakula nusu sahani.

Jumatano, 16 Februari

Limeshushwa. Milango haifungi. Yote miwili, hata kwa kusukumwa na watu. Chuma kimeunga, kigumu kweli, lakini gari limekaa vibaya.

Ekisa alilizunguka, akaketi chini, akashika kichwa. Rama alikuwepo. Alicheka. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo lori liko mlangoni kwangu, tuache kuchezea mabati.

Nimelia stoo, nyuma ya majora ya nguo. Kisha nikauza vitenge hadi jioni.

Alhamisi, 17 Februari

Nilimwambia Juma. Kwa hasira, wala si kwa kutaka msaada. Nilimwambia afurahi sasa, gari lake limeharibika kabisa.

Akafumbua macho.

"Alikuwa ameliinua wapi?"

"Mbele na nyuma. Juu ya magogo."

"Basi katikati ilikuwa inaning'inia, Zuhura. Amelichomelea likiwa limepinda. Amelifunga hivyo hivyo."

Sikumbuki lini mara ya mwisho alisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Ameendesha magari tangu ujana, na mimi nilikuwa nakaa naye chumba kimoja bila kumuuliza.

"Mwite huyo fundi," akasema.

Ekisa alikuja jioni, kofia mkononi. Alikuwa ameshaanza kufikiri hivyo mwenyewe. Shida, alisema, gari likisimama kwa magurudumu yake yeye hapati pa kuingia. Juma akamwambia achimbe shimo. Hapa hapa uani.

Walizungumza hadi chai ikapoa. Niliwaacha.

Jumamosi, 19 Februari

Gari limerudishwa uani, shimo linachimbwa. Udongo mwekundu kila mahali, jirani anauliza tunamzika nani.

Juma alitaka kutolewa nje. Tukamweka na ubao wake chini ya upenu, karibu na shimo. Ukitoa siku za hospitali, ana miezi hajapata jua. Alimfokea Ekisa kwa kukata chuma vibaya, na Ekisa akamjibu vile vile. Kisha akanifokea mimi kwa kusimama kwenye mwanga.

Nimefurahi kufokewa.

Jumanne, 22 Februari

Vyuma vya zamani vimekatwa vyote. Gari limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo. Ekisa alitia jeki katikati, chini kabisa, akapandisha kidogo kidogo. Mimi mlangoni. Juma kutoka upenuni: bado, bado, ongeza. Mlango ukaanza kuingia. Mara ukafungika kwa kidole kimoja.

"Hapo! Usiguse kitu!" Juma alipaza sauti hadi akakohoa, nikaogopa.

Ekisa amechomelea vyuma, milango ikiwa imefungwa. Chuma chini ya kila mlango, vingine viwili vikipishana chini ya sakafu, na bamba kila pembe chini ya kioo cha mbele. Nywele zangu zinanuka moto.

Jumatano, 23 Februari

Jeki imetolewa. Milango inafunga. Nilifungua na kufunga kama mtoto.

Nikalala tena juu ya ubao, Ekisa akaendesha njia ile ile ya Bukhayo. Mikunjo ipo, naisikia magurudumuni. Lakini gari sasa linakwenda kama kitu kimoja. Hakuna nyundo. Amepunguza pia upepo wa matairi, na chini ya ubao tumeweka gunia la pamba. Nilitazama mbingu hadi tukageuza.

Rama alikuja na lori, godoro tayari nyuma. Akapanda juu ya kizingiti cha mlango, akarukaruka kwa uzito wake wote. Gari likashuka na kupanda. Halikulia. Akarukaruka tena.

"Haya, shemeji," akasema. Akaondoka na godoro lake.

Alhamisi, 24 Februari

Naogopa. Gari likifika na yeye asiweze kusimama, je? Sijamwambia. Naye anaogopa, hajaniambia.

Tumekula. Amemaliza sahani.

Ijumaa, 25 Februari

Tuliondoka mapema, barabara ikiwa bado na baridi. Rama nyuma, mkono juu ya ubao. Nilikuwa nauliza: unaumia? Hapana. Sasa? Hapana. Baada ya Adungosi akasema, "Zuhura, angalia barabara." Nikaacha kuuliza.

Plasta ilikatwa kwa mkasi mkubwa. Ndani alikuwa mweupe mweupe, mwembamba, ngozi imechubuka. Siku nyingine ningelia. Daktari alimbonyeza mgongo mfupa mmoja mmoja. Akasema umeunga vizuri. Akamsimamisha kwa magongo. Miguu ilitetemeka, lakini alisimama. Alimtazama daktari, kisha Rama, kisha mimi, kama mtu aliyekuja kutoka safari na hajui aanze kumsalimu nani. Hatabeba mzigo tena maishani, daktari amesema. Kutembea atatembea.

Rama alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jumamosi, 26 Februari

Jana niliandika upesi, kuna lililobaki.

Wakati wa kurudi Juma hakutaka kulala. Aliketi kwa mto mgongoni, mkono nje ya mlango. Rama alishukia Malaba kwa kazi zake, tukabaki wawili. Juma alizungumzia mashamba, nani amelima na nani amelala. Kisha akanyamaza. Nikaogopa ni maumivu, nikapunguza mwendo, nikatazama.

Alikuwa amesinzia. Kwenye barabara ile.

Nikaendesha polepole hadi Busia, nikaingia uani, nikazima injini. Mboga zilikuwa hazijanunuliwa, duka limefungwa. Sikumwamsha. Nilikaa pale na mikono juu ya usukani, nikamsikiliza akikoroma.