Mdundo Aliotoa Somoe

Nachingwea, Jumapili, Julai 2008

Baridi ya asubuhi imegoma kuondoka na upepo unaleta vumbi mpaka mezani. Nimetoka Nkowe, wilayani Ruangwa, kuja kununua mkanda wa mashine yangu ya kusaga. Duka bado limefungwa, nikaona niingie hapa kwenye intaneti niandike. Nina hasira tangu juzi. Nina furaha pia, na sijui ipi imeizidi nyingine.

Nianze na hasira.

Nilisoma shule ya msingi miaka ya themanini, huko huko Ruangwa. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kulikuwa na kipindi cha muziki kila Alhamisi. Alhamisi ikifika tuko shambani kwa mwalimu mkuu, tunapalilia mihogo. Nikamaliza darasa la saba sijafundishwa hata kuhesabu mapigo. Hesabu nilijifunzia kwenye debe na mizani, tena kwa kupunjwa kwanza.

Ndiyo maana nilimpenda Mwalimu Rwegasira tangu alipoletwa shuleni kwetu kutoka Bukoba. Huyu kwenye ratiba akikuta muziki, anafundisha muziki.

Mwanangu Somoe yuko darasa la tano. Hesabu za sehemu zilikuwa zimemshinda kabisa, anapata mbili kwa kumi, karatasi anaikunja na kuificha. Mwalimu akawapigia pigo moja zima, kisha nusu yake, kisha robo, mpaka mtoto akaona mwenyewe kwamba robo nne zinajaa ndani ya pigo moja bila kubaki kitu. Muhula huu anapata saba.

Juzi Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwao. Mwalimu alikuwa amewaambia watoto kila mmoja alete mdundo anaoujua kutoka nyumbani. Somoe akampa mmoja. Mwalimu akaupenda, akaupangia ngoma nne, akauweka mwisho ili wageni waondoke wamefurahi.

Walipoanza tu, niliutambua.

Ulikuwa wa unyago. Ule unaopigwa ndani kwa wanawali, wanaume wakiwa mbali. Jina lake silitaji hapa. Na walioushika ni wavulana wa darasa la sita, wanautwanga kwa nguvu zao zote! Wanaume kwenye mabenchi hawajui lolote, wanapiga makofi, mwenyekiti wa kijiji kainuka kucheza. Sisi wanawake vichwa chini kama tumemwagiwa maji.

Bi Salima, kungwi wetu, hakuinamisha chake. Alitembea hadi katikati ya uwanja, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma kubwa. Wavulana wakaacha kupiga.

“Mwalimu, baba yangu, hii kakupa nani?”

“Watoto, mama. Nzuri, siyo?”

“Nzuri. Njoo basi nikupake unga, maana mwali ndiyo umeshakuwa.”

Wanawake wakaziba vinywa kwa kanga. Mwalimu mkuu hakucheka. Alipoelezwa sikioni ni ngoma gani, alisimama akatangaza kwamba kipindi cha muziki kimefutwa kuanzia Jumatatu. Nafasi yake itakuwa ya marudio ya hesabu.

Marudio ya hesabu!

Nilisimama bila kuomba ruhusa. Nikasema mtoto aliyetoa mdundo ni wangu, na hilo nitalimaliza nyumbani. Lakini dakika arobaini kwa wiki, ndizo hizo zilizomfundisha sehemu, leo zinafutwa ili ajue hesabu? Nikamwita Somoe mbele. Nikamwomba mwalimu mkuu ampe swali mwenyewe, lolote.

Akampa robo tatu jumlisha nusu. Mtoto, machozi yakimtoka, akagongagonga vidole pajani.

“Moja na robo.”

Uwanja mzima ukapiga makofi.

“Mama Somoe, hapa tunazungumzia maadili,” mwalimu mkuu akasema.

“Maadili ya ngoma hii niachie mimi, baba,” Bi Salima akamkatiza. “Wewe kazi yako kufuta ubao. Hii hawaipigi tena. Kipindi kibaki. Jumatatu nakuja mwenyewe kumchagulia mwalimu ngoma za mavuno, ziko tele, na hakuna atakayeona haya.”

Mwalimu mkuu akatutazama wanawake. Wote tulikuwa tumemkazia macho. Akasema sawa, kiendelee mpaka mtihani wa mwisho wa muhula, tuone matokeo.

Tuone. Matokeo mimi siyaogopi.

Kisha Bi Salima akamgeukia Somoe. Mpaka shule ifungwe hatagusa ngoma. Atakuwa anakoka moto wa kukazia ngozi, wenzake wapige.

Njiani nikamuuliza kilichomtuma ni nini. “Maneno yake sikuyasema, mama. Nilipiga tu.” Alidhani siri yote aliyofundishwa unyagoni iko kwenye maneno. Nilimgombeza hadi mlangoni, ila kumchapa nilishindwa.

Jana kutwa hakufungua mdomo. Nikaogopa kwamba kipindi tumekiokoa, mtoto tumempoteza.

Leo alfajiri nikiwa najiandaa kuja huku, nikasikia kitu uani. Kalifudikiza beseni la kufulia, anapiga taratibu kwa vidole, anahesabu kwa sauti ya chini. Nzima, nusu, robo, robo.

Bi Salima alisema ngoma. Beseni hakulitaja.

Nikatokea mlango wa mbele, nisimkatishe.