Mbegu Iliyoinama

S.L.P. 41,
Mvumi, Dodoma.
12 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Elieza,

Mbukwa! Baridi ya Ujerumani imekuachia masikio, au yameshadondoka? Sisi huku hatujambo. Goti linamsumbua Mama kidogo, lakini kanisani bado anafika kabla ya mchungaji. Mvua zinarukaruka, ila mtama umeota vizuri.

Kwanza nikuchekeshe. Ulipomwandikia Baba kwamba mbegu yako imeinama na kazi ya mwaka mzima iko hatarini, alidhani umelima. Alifunga mtama mweupe kwenye kitambaa, ule bora kabisa, akaanza kutafuta msafiri wa kukuletea. Majirani wote wanajua kwamba Elieza anawafundisha Wajerumani kilimo. Nikaitwa mimi, mwalimu wa fizikia, nikacheka hadi nikakaa chini.

Sasa lile lililonikera. Umeniambia unataka kukitupa kipande cha metali kilichotoka na mbegu iliyoinama, umpelekee profesa wako vile vilivyonyooka tu. Usithubutu! Picha ulizonitumia nimezitazama vizuri. Mbegu ya fuwele, kile kipande kidogo ambacho metali iliyoyeyuka huanza kugandia, iliposimama wima, matawi madogo ya metali yalipanda sambamba, yamebanana. Mbegu ilipoinama, yakakua mshazari na kuachana. Wewe unaona aibu, mimi naona jibu la swali lililokupeleka huko: mwelekeo wa fuwele ndio unaopanga umbile la ndani la metali. Ukikificha hicho kipande, hata shahada ukipewa haitakukaa vizuri moyoni. Nakufahamu, nimekulea.

Jana nilimweleza Baba yote. Nilimwambia mbegu yenyewe ni ya metali, na kwamba metali ya namna hiyo hutumika kutengenezea mapanga ya injini za ndege, yanayozunguka katika joto kali bila kuruhusiwa kulegea. Pia nilimwambia unachotaka kuficha. Aliufungua mtama wake taratibu na kuurudisha ghalani. Kisha akauliza kama ndege itakayokurudisha nyumbani nayo ina mapanga hayo. Nikamjibu kwamba inayo.

"Basi mwambie akionyeshe hicho kipande," akasema. "Si yeye mwenyewe ndiye atakayepanda?"

Shangazi Paulina na Dorkasi wanakusalimu sana, na Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina lako kamili. Mungu akutie nguvu uingie kwa profesa na vipande vyote mkononi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Ruthu