Kikojozi wa Juu ya Tanuri

Lucban, 18 Mei 1986

Kwako Dada Auring mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Jeddah, zivuke jangwa lote bila kupungua hata moja. Natumaini u mzima, goti limeacha kukusumbua, na huyo msimamizi wa wodi amekoma kukupanga zamu mbili mfululizo kama ulivyolalamika mara ya mwisho. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, Mjomba Dencio anagomba, mikate inaokwa, kwa hiyo dunia bado iko mahali pake.

Barua yako niliipata siku chache kabla ya sikukuu ya San Isidro. Nilisoma, nikarudia. Umeniagiza nimpeleke yule mtoto wa mbwa kwa binamu Ising kule Tayabas kabla Mjomba hajatutimua sote, na ukaongeza kwamba nina kichwa kigumu tangu nikiwa tumboni. La kichwa sikatai. La mbwa naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uamue, maana yaliyotokea hapa, Dada, hata leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Unajua Mama alivyokuwa tangu apate kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakamtoka yote, hata jina langu. Anaelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo hutoka pumzi tu. Kitu ambacho sikukuandikia wazi, ili usije ukalia mbele ya wagonjwa, ni kwamba alikuwa ameanza kukataa chakula. Alikuwa akikaa ameelekea ukuta kutwa nzima, nami namlisha kijiko kimoja kwa kubembeleza na cha pili kwa kugombana. Ndipo nikamleta Monay. Nilimpa jina la mkate kwa sababu ni wa rangi hiyohiyo na mviringo, hata ule mpasuko wa katikati anao mgongoni. Siku ya kwanza tu alimtafuna Mama ndala. Mama akageuka kutoka ukutani kumtazama mwizi huyo, akamshika sikio kwa mkono wake mzima, asimwachie mpaka jioni. Kesho yake akawa anampa wali kwa vidole, punje kwake punje kwa mbwa, na mimi niko mlangoni nimebana pumzi nisije nikaharibu. Basi sasa unajua kwa nini niling'ang'ania. Niliogopa mbwa akiondoka, Mama atarudi ukutani.

Shida ni sakafu. Unazikumbuka zile mbao zetu, sarafu ikikuponyoka huku juu unaenda kuiokota kwenye unga wa Mjomba kule chini tanurini. Mchana Monay hakuwa na tatizo, lakini kila alfajiri alikojoa, na kilichotoka kwake hakikubaki kwetu. Kilipita kwenye nyufa kikatua kwenye meza ya kukandia. Mara ya kwanza Teban, akiwa anakanda, alidhani paa linavuja, akasogeza meza. Mara ya pili akanusa. Mjomba alipanda ngazi na unga mpaka kwenye nyusi, akasema bakuli lake la unga si choo cha mtu, tena si cha mbwa, na kwamba likidondoka tone moja tu kuanzia San Isidro, atamfunga yule kikojozi kamba ampeleke mwenyewe kwa walevi wa pombe ya mnazi pale njia panda, wakamtie vitunguu. Nikamwambia, Mjomba, mtu atamla vipi mbwa mdogo kama andazi. Akasema walevi hawachagui.

Kumfundisha nilikuwa nimeanza tangu siku niliyomleta, sasa nikazidisha. Nilimnyima maji tangu jua kuzama. Nilimtandikia magunia ya unga. Kabla ya kulala nilimshusha uani, kule nyuma karibu na kichuguu, nikasimama naye mpaka amalize. Na kwa kuwa mbwa hana mdomo wa kuomba ruhusa, niliomba mimi kwa niaba yake, kama Mama alivyotuzoeza tangu tunajisaidia vichakani: "Pisheni, pisheni, wakubwa." Sikuthubutu kuacha. Goryo wa jirani unamkumbuka alivyovimba kule ambako hata daktari alimwonea haya, kisa alikojolea kichuguu bila kupiga hodi kwa wenyewe wasioonekana wanaoishi humo. Sikutaka Monay wetu avimbe, kwa ule udogo wake angepasuka. Kwa hiyo kila aliposhuka, mchana au usiku, nilisema maneno yale, akachuchumaa, akamaliza, nikampa kipande cha ukoko wa mkate. Alishika haraka ajabu. Ikafika mahali nikisema tu "pisheni" anachuchumaa hapohapo. Nilijisifu mpaka kwa muuza samaki.

Lakini alfajiri, Dada, ni yaleyale. Nampandisha juu amemaliza kabisa, analala mkavu, na kabla jogoo hajachoka kuwika sakafu imelowa, tena palepale kando ya nguzo. Nilimpiga kwa ndala. Nilimsukumia pua kwenye mkojo wake kama watu wanavyoelekeza. Alinitazama tu, masikio yamelala, kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua. Teban akawa kila asubuhi ananiuliza leo tumepata kikombe au nusu kikombe, na Mzee Ambo wa masinia akasema mkate wetu umeanza kupata chumvi bila ya gharama. Walicheka wao. Mimi nilikuwa nahesabu sikukuu inavyokaribia.

Aliyegundua ni Mama. Alfajiri moja niliamshwa na fimbo yake ikigonga sakafu karibu na kichwa changu. Niliruka nikidhani amezidiwa. Amekaa kitako kitandani, ameweka kidole mdomoni ninyamaze, kisha akanionyesha Monay. Monay amelala fofofo, tumbo juu, mkavu kabisa. Nikamtazama Mama, nikainua mabega. Akanionyesha sikio lake. Subiri, usikie.

Nikasikia chini mlango wa tanuri ukifunguliwa. Kisha sauti ya Mzee Ambo, anavyopiga kelele siku zote akipita na sinia la moto: "Pisha! Pisha!" Na Teban naye nyuma yake: "Pisha, babu, naungua!"

Monay aliamka. Macho yake hayakuwa yamefunguka hata nusu. Alijikokota mpaka kwenye nguzo, akachuchumaa, akakojoa, halafu akaja mbele yangu, akakaa, akasubiri ukoko wake wa mkate.

Dada, nilikaa chini kwenye majimaji yaleyale. Nilisikia hofu, ile ya kanisani wanapozima mishumaa Ijumaa Kuu. Mtoto wa mbwa huyu hakuwa kikojozi hata siku moja. Alikuwa anatii. Alikuwa anaitwa usingizini na sauti ya chini ya mbao, neno lilelile nililomfundisha mwenyewe, anaamka anaitika, na anapoitika mimi nampiga ndala, na kesho yake anaamka tena anaitika. Nilimkumbatia nikalia. Mama alitikisa mabega, na ilinichukua muda kufahamu kwamba anacheka.

Mjomba alikataa kuamini. Alisema mbwa hata jina lake halijui vizuri, sembuse kazi ya uokaji. Nikamwomba apande mwenyewe alfajiri. Akapanda akiwa amekunja mikono. Chini Ambo akapiga kelele, Monay akaamka, nguzo, akachuchumaa, akaja kudai ukoko, safari hii kwa Mjomba. Mjomba akakunjua mikono. Alishuka ngazi bila neno, nawe unajua Mjomba kushuka ngazi bila neno ni habari ya kutangazwa redioni.

Wakajaribu kuacha kusema "pisha." Wapi. Mzee Ambo amesema neno hilo tangu babu yetu akiwa mwenye tanuri, liko kwenye ulimi kama jino. Mjomba akawaagiza wapige mluzi. Ambo meno ya mbele hana, ukatoka upepo mtupu, Teban akageuka kuuliza umesemaje babu, wakavaana, na mikate ya asubuhi nzima ikabingiria kwenye majivu. Mjomba akasema heri mkojo. Mwishowe tukakubaliana nimtoe Monay uani kabla sinia la kwanza halijatoka, ili neno likija limkute hana kitu. Ikafaa. Meza ikawa kavu, na Teban akalalamika kwamba amepungukiwa na mazungumzo. Lakini Mjomba alishikilia lake: ameona maajabu, sawa, ila tone ni tone, na kiapo kipo palepale.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Usiku wa kuamkia San Isidro tulikuwa na oda za mji mzima, maana kila nyumba ilitaka mikate ya kutundika dirishani. Nilikanda nao mpaka mikono ikafa ganzi, nikapanda kulala nikijiambia nafumba macho tu.

Nilichoamshwa nacho ni harufu ya mkate unaoungua, na ukimya. Kumeshapambazuka. Nikajua nimechelewa, sinia zimeshatoka, neno limeshasemwa, Monay amekwisha. Nilipapasa kando ya nguzo kwa kiganja. Pakavu. Nikapapasa nyufa zote. Pakavu. Ndipo nikaona gunia la Monay halina mtu, na kitanda cha Mama hakina mtu.

Nilishuka ngazi zile sijui kwa miguu au kwa makalio. Mama hajashuka ngazi peke yake tangu ugonjwa, Dada. Chini nikawakuta wote watatu wamejazana kwenye mlango wa uani, wamenipa mgongo. Mjomba ameshika sinia kwa matambara, mikate iko juu yake inafuka, na joto linapenya matambara, lakini haweki chini. Hakuna aliyesema "pisha." Teban alinishika bega akanisogeza mbele nione.

Mama amesimama karibu na kichuguu, kwenye manyunyu, na gauni lake la kulalia, miguu mitupu, fimbo mkono wa kushoto. Monay yuko miguuni pake, ameinua uso anamtazama mdomo. Anasubiri. Nikataka kupiga kelele nimsaidie, maana nilijua mbwa hatakojoa mpaka aambiwe, na Mama hana la kumwambia. Mjomba akanikanyaga mguu ninyamaze.

Mama akafungua mdomo. Pumzi. Akafunga. Akameza mate, akafungua tena.

"Pisheni," akasema. "Pisheni, wakubwa."

Sauti ilikuwa na kutu, lakini ni yake, Dada, na ule mvuto wake wa mwishoni kama alipokuwa akituita tuje tule. Monay akachuchumaa. Sijui wenyewe wa kichuguu walipisha au hawakupisha, ila sisi hakuna aliyepumua. Mzee Ambo alivua kofia. Mikate ya ndani ilizidi kuungua na hakuna aliyegeuka. Ukisikia watu wa Lucban wanasema mwaka huu madirisha yalitundikwa mikate myeusi, ujue sababu.

Kisha Mama akageuka kurudi. Alikuja polepole, fimbo, mguu, fimbo, mguu, Monay nyuma yake, mpaka mlangoni, na mlangoni tumesimama sisi kama magogo, tumeziba njia yote, midomo wazi. Alitutazama mmoja mmoja. Alimkazia macho ndugu yake na lile sinia lake.

"Pisheni, wakubwa," akamwambia.

Tukapisha. Na Monay, kwa kuwa amesikia neno na yeye ni mtiifu, akachuchumaa tena palepale, akatafuta kilichobaki, akakipata, akakimimina chote juu ya mguu wa Mjomba Dencio.

Niliinama haraka nimnyakue. Mjomba hakuondoa mguu. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mikate, naye ameng'ang'ania sinia lake, na aliniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mwache amalize, Charing."

Kwa hiyo, Dada, kuhusu kumpeleka mbwa Tayabas, umwandikie Mjomba, usiniandikie mimi. Nilimsomea barua yako, akasema Ising akija kumchukua Monay aje amejiandaa kumchukua na yeye. Mama hana neno jingine bado, ni hilohilo kwa kila kitu. Akitaka supu ni pisheni, akinikaripia ni pisheni. Daktari anasema yanayosemwa kwa mazoea huwa yanatangulia, mengine huenda yakafuata na huenda yasifuate. Wewe uko karibu na madaktari wakubwa, naomba uwaulize.

Mzee Ambo na Teban wanakusalimu. Usibebe vitu vizito kwa ajili ya lile goti. Ukipata likizo uje, hata kama ni ya siku chache, uisikie mwenyewe sauti hiyo, kwa sababu mimi nimejaribu hapa kurasa zote hizi na naona sijaiandika hata robo.

Mdogo wako akupendaye,

Charing