Karatasi ya Ukutani

Alhamisi, tarehe 9, mwezi wa kumi

Na ni Esperance mwenyewe aliyeiandika ile karatasi, siku tulipofungua duka letu la kuchapa hapa Murara: "Barua pepe yako ni ya kazi yako tu. Hatutakutumia matangazo, wala hatutampa mtu." Tukatia sahihi sote wawili.

Leo Mama Riziki ameingia na kuweka simu yake mbele yangu. Matangazo ya pikipiki, kila asubuhi.

"Hii adresi ya email mulinifungulia ninyi, juu ya dosie ya mutoto ya kuingia shule. Sikupatia mutu mwingine. Sasa ile karatasi mulimwandikia nani?"

Nilimgeukia Esperance. Alijibu yeye, hata macho hakuinua. "Shemeji yangu anauza pikipiki, nilimupatia liste yetu ya adresi za wateja. Mama, unafuta tu, inaisha."

Mama Riziki hakugombana. Aliomba tufute jina lake, akatoka.

Miaka sita tuliketi benchi moja shuleni, mimi na Esperance, na leo...

Siwezi hata kuwaandikia wateja kuomba radhi. Ingekuwa barua nyingine ambayo hawakuiomba. Nitawaambia kwa mdomo, mmoja mmoja, wakija.

Karatasi nimeiacha ukutani. Sahihi yake nimeikata kwa makasi, aikute hivyo kesho.