Deki Inayosoma Kila Faili

Jumamosi, 9 Machi

Deki yetu imenichosha. Nimeleta diski ya vipindi vya wiki kutoka kwa mchuuzi, na nusu haifunguki. Wala hilo si linaloniuma. Linaloniuma ni video ya sherehe ya binti yetu Liuba alipotimiza miaka kumi na mitano, anacheza waltz na baba yake. Mpiga picha aliihifadhi kwa aina ya faili ya ajabu, kisha akahamia ng'ambo. Kwetu inatoa sauti tu – kioo cheusi! Mume wangu Osmel anacheka gizani. Tangu tumzike, cheko lake ninalo; uso wake ukicheka unaanza kunitoka.

Mama mkwe huisikiliza kila Jumapili baada ya kahawa. Kwenye sherehe yenyewe hakuja. Osmel alikuwa amemuuza nguruwe wa mama yake bila kumwambia, ili tukodi magauni. Wakanuniana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa Eliécer muuza deki. Kwake unajaribu na flashi yako mwenyewe, pale sebuleni, majirani wakichungulia. Deki ya kwanza: sauti tu. Ya pili: kimya kabisa.

Ya tatu akaisifu. "Hii inasoma kila kitu, dada. Hata uichomekee mhogo, itacheza."

Akanionya pia kwamba ikipata umeme tu, inaanza yenyewe kucheza kilichomo kwenye flashi. Na kweli – picha! Mgongo wa Osmel, suti ya kuazima, na zile pini nilizombana nazo ili isimpwaye. Kabla hajageuka, umeme ukakatika. Nilitaka kulia mbele za watu. Eliécer kanipa niijaribu nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Mama mkwe. Nilidhani atafurahi. Akaendelea kuchambua maharage meusi, kisha:

"Sauti inanitosha, mwanangu. Kwenye sauti ni mzima. Nikimwona nitajua kama alikuwa ameshakonda, na mimi nimekaa huku nimenuna kwa ajili ya nguruwe."

Nikainama nami kuchambua maharage. Maana alikuwa ameshakonda. Osmel mwenyewe alinikataza nisimwambie kuwa anaumwa – asije akaja kwa huruma, alisema.

Jumatano, 13 Machi

Niirudishe? Mimi nataka uso, yeye anauogopa. Nyumba moja, kioo kimoja. Nitaitazama peke yangu, yeye akiwa foleni ya mkate. Sijipendi kwa hilo, ila nitaitazama.

Alhamisi, 14 Machi

Mama alipotoka nikachomeka flashi, nikawasha. Umeme hakuna! Nikaiacha televisheni vilevile imewashwa, kama tufanyavyo sote mtaani, ili itujulishe umeme ukirudi. Nikaenda uani kufua.

Sikumsikia akirudi. Nilisikia mtaa mzima ukipiga kelele – umerudi! Halafu waltz. Nikakimbia na mapovu mikononi.

Mama yuko kitini pake, mkoba tupu mapajani. Osmel amegeuka, anacheka. Uso wake! Uleule. Na shingo imepwaya ndani ya kola. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema, bila kunitazama.

Nimekimbilia jikoni na daftari hili kwa kuwa sijui pa kujiweka. Waltz imekwisha, ameirudisha mwanzo, imekwisha tena. Sasa ananiita. Anauliza zile pini za mgongoni alizibana nani.