Hilaire Havugimana, Ambaye Hatukumngojea

Mwaka umetimia, Hilaire, tangu Ijumaa ile ya Mei 2021 ulipotuandikia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wapanda milima neno moja tu: "Napanda." Hukuandika tena.

Wengi wetu tulikufahamu kwanza kwenye simu, kabla ya kukuona uso kwa uso sokoni Birere, kwenye meza yako ya viatu vya mitumba. Ulikuwa ukimtazama mtu miguu kabla ya kumsalimu. Buti nzuri ya mlimani ikitoka kwenye balo, lile furushi la mitumba, uliificha chini ya meza hadi mwenye mguu wake apite, na wateja wengine walinuna.

Sheria ya kikundi uliitunga wewe. Anayepanda aandike "Napanda", akifika chini aandike "Nimeshuka", na katikati hapo awepo mtu wa kumngojea. Mtu huyo alikuwa wewe kila mara. Hukugusa chakula kabla neno la pili halijafika. Siku mwenzetu Kamate alipokawia Kibati, chini ya mlima, akinywa bia, simu kaizima, ulichukua pikipiki kutoka kwenu Murara ukamfuata, ukamkuta anacheka. Tukakupachika jina la Mama Kuku. Ulicheka nasi, ukaendelea kutuhesabu.

Ijumaa ile ulikwenda kututazamia njia ya matembezi ya kikundi, maana mvua ilikuwa imeibomoa. Uliandika asubuhi. Mimi Wivine, ninayeandika haya kwa niaba ya wenzangu, nilikuwa wa kwanza kukujibu kwa picha ya dole gumba. Wengine ishirini na wawili wakaweka la kwao. Kisha yakaja maombi ya asubuhi, habari za mpira, picha za harusi, na neno lako likasukumwa juu hadi tusilione tena. Jioni hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani yupo anayekungojea, kwa sababu siku zote alikuwepo. Kumbe aliyezoea kungojea wengine ndiye aliyekuwa mlimani.

Jumamosi nzima tulikuwa nayo mkononi. Njia ilikuwa ingali wazi, na watu wa Kibati wangetusaidia kukutafuta. Jioni mlima wenyewe, volkano ya Nyiragongo, ukapasuka, moto ukaifunika njia, nasi tukakimbia, wengine Sake, wengine Gisenyi. Tulipoanza kuhesabiana kwenye kikundi, ndipo tukaona jina moja halijibu, lako. Hadi leo hujaonekana.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mlima ulikuchukua. Ndivyo tulivyomwambia mama yako, Mama Nyiramahirwe, tulipokwenda Murara kumpa pole. Alituacha tumalize, kisha akasema taratibu, "Mutoto wangu alikuwaka anawangojea ninyi wote. Yeye, nani alimungojea?"

Tuliona aibu siku ile, na hadi leo tunaiona. Tumeomba ruhusa yake kuandika tangazo hili la kumbukumbu pamoja na familia. Ameturuhusu, ila kwa sharti moja: tuseme ukweli.

Tulitaka leo tupeleke msalaba pale njia inapoanza. Vita imerudi Rutshuru, na wanajeshi waliturudisha. Msalaba uko sebuleni kwa mama yako, umeegemezwa ukutani.

Siku hizi hakuna anayepanda. Lakini mtu wetu akitoka, hata akienda Sake tu kuangalia shamba, huandika, na mmoja wetu hutajwa kwa jina kwamba ndiye atakayemngojea. Kamate ndiye mkali kuliko wote. Simu yake haizimwi tena.

Wanaokukumbuka ni mama yako Nyiramahirwe, dada yako Charline, shangazi yako Mukamurenzi, Kamate, mimi, na wote wa kikundi. Namba yako bado imo, na hakuna atakayeiondoa. Maisha yetu yote hutatutoka moyoni.

Tumechelewa sana, Hilaire, lakini tunakungojea.