Changu wa Japani

Mama,

Sijambo. Ndiyo ubaya wenyewe huo, sijambo tangu siku tuliyokuzika. Nnakula, nnalala, nnakwenda kazini na kurudi nyumbani Mawaleh. Waliokuja kutupa pole walikuta kahawa ya moto na halua tayari. Chozi tu ndilo halikuja. Salma kaniangalia wee, mwisho kasema mbele ya wageni: "Dada, weye moyo wako umeumbwa na nini?" Akarudi kwake Mabela, na tokea hapo simu zangu hapokei. Mwanao mdogo huyo ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, nnamwona ananiponyoka, na hata hilo haliniumi inavyopasa.

Basi ofisi ikanipeleka Japani kwenye mkutano, nikenda. Asubuhi ya mwisho sikuwa na kazi, nikafuata watu mpaka soko la samaki. Ungelipenda, mama. Au ungeligombana na kila mtu, sijui. Vichochoro vyembamba, maduka yamebanana: hapa visu vitupu, vinanolewa mbele yako, pale mwani mkavu umefungwa kwa karatasi za kupendeza, kule bwana mmoja anauza mayai ya kukaanga kwenye kijiti, na watu wazima na akili zao wanapanga foleni. Majongoo ya pwani, yale tunayoyakimbia sie, yamelazwa kwenye barafu kwa heshima zote. Na soko zima halinuki. Nikapita pote natazama tu, sina hamu ya kitu.

Halafu nikamwona changu mwekundu, mnene, macho maangavu. Mkono ukenda wenyewe. Nikamfunua matamvua kwa kidole, hivyo ulivyonifunza kwetu soko la Matrah, ukimwambia muuzaji Mwarabu kwa Kiswahili asichokijua: "Macho yake yananidanganya, nionyeshe matamvua." Kumbe kule samaki haguswi. Muuzaji, bibi mmoja mwenye glavu za mpira, akanipigia ukelele, watu wakageuka. Nikaona haya, mama, ardhi inimeze. Nikaanza kujieleza, na kilichotoka si Kiingereza wala Kiarabu.

"Nisamehe, bibi. Mama hanunui samaki mpaka aone matamvua."

Hanunui. Nilivyosema, utadhani umekaa hotelini unanisubiri. Na yule bibi hakuelewa hata neno, kwa hivyo hakuwa na la kunisahihisha. Akanitazama usoni, kisha akamfunua mwenyewe akanionyesha. Mekundu, mabichi kabisa. Nikainamisha kichwa nikaondoka bila ya kununua, ningempika wapi? Nikasimama nje, penye duka la vikombe, nikangoja nilie. Wapi.

Jana nimerudi, na kutoka uwanja wa ndege nikenda moja kwa moja Mabela. Sikupiga simu, maana asingepokea. Salma akafungua mlango, kanuna. Nikamhadithia habari ya changu pale pale mlangoni, sanduku mkononi, sikuwa na kingine cha kumpa. Akajizuia, akashindwa. Ati nimemtia kidole samaki wa watu! Akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio. Mie nimesimama tu, namtazama.

Akajifuta uso, akainuka, akanishika mkono.

"Shikamoo, dada."

Hajapata kuniamkia maishani mwake, mama. Tumefuatana mno, tumepigana mno; sote tulikuwa tunakuamkia weye. Nikafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Lilikuwa neno lako lile, mwenyewe ulikuwa ukilivuta, mpaka tunakucheka. Salma akangoja, mkono hakuuachia.

"Marahaba," nikasema, na sauti ikakatika katikati. Hapo ndipo nilipojua kuwa umekufa.

Basi nnalia sasa, mama. Nimelia kwa Salma, nimelia njiani, nnalia hapa nnapoandika, na inauma, inauma kweli.

Mola akupe kauli thabiti, mama yangu. Siku tuliyokuzika sikukuaga, nnakuaga leo. Na nnakuahidi, kila Salma akiniamkia, nitaitika.

Mwanao mkubwa